Muulize Fundi: Simu imesasishwa, gari limenuna

Mwezi huu meseji zenu zimenishukia kama mvua ya masika, na karibu zote zinalia kilio kimoja: simu ilijisasisha usiku, asubuhi redio ya gari haiitaki kwa Bluetooth. Nimezisoma kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, kahawa pembeni, feni ikizunguka kwa kusuasua. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha. Walionitumia picha za dashibodi zenye giza tupu wanisamehe, sikuona kitu.

Jambo moja kwanza. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, kwa hiyo majina ya vitufe nitakayotaja ni ya Kiswahili. Wateja hunicheka kwamba Kiswahili cha simu ni kigumu kuliko Kiingereza. Wacheke tu. Huu ugonjwa wa mwezi huu nimeuelewa vizuri zaidi kwa Kiswahili hicho hicho.

*Shikamoo fundi. Nina Premio, redio yake ni ya tachi, nilifungiwa miaka mitatu iliyopita na haijawahi kunisumbua. Wiki mbili nyuma simu ilisasisha mfumo. Tangu hapo nikiwasha gari inaandika "imeunganishwa", nahesabu moja, mbili, tatu, inakatika. Inarudi, inakatika tena. Fundi mmoja mtaani kaniambia Bluetooth ya redio imeungua, ninunue redio nyingine. Ninunue? (Dereva, Chumbageni)*

Marahaba mwanangu. Usinunue kitu. Chukua simu ya jirani, ya mkeo, ya yeyote, iunganishe na redio yako, piga muziki dakika kumi. Ikishika, redio yako ni nzima kama kigongo, na anayetaka kuifungua dashibodi mwambie akafungue ya kwake.

Sasa ugonjwa wenyewe. Simu ya Kiswahili kitendo cha kuitambulisha simu kwa redio mara ya kwanza inakiita "kuoanisha". Aliyetafsiri sijui alikuwa anatania, lakini alipatia. Siku simu na redio zinapooana, zinatengeneza ufunguo mmoja wa siri na kila upande unaweka nakala yake. Kuanzia hapo, kila ukiwasha gari haziulizani jina, zinaulizana ufunguo. Nakala zikilingana, unapata muziki. Zisipolingana, mlango unafungwa, na ndizo hizo sekunde tatu zako.

Sasisho likipita kwenye simu, mara nyingine huivuruga ile nakala, au huleta masharti mapya ya usalama ambayo redio ya zamani haiyajui. Redio imeshika cheti cha ndoa mkononi, simu inasema huyu simjui. Na hapo ndipo watu wengi mnapokosea: mnatoa talaka ya upande mmoja. Unafuta gari kwenye simu, unaoanisha upya, kumbe redio bado imekumbatia cheti cha zamani. Inashika siku mbili, ya tatu inaanza tena.

Kwa hiyo futa huku na huku. Kwenye simu ingia Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, gusa ile alama yenye meno kama gia mbele ya jina la gari, chagua Sahau. Wenye iPhone mna herufi i ndani ya duara, ni hapo hapo. Kisha nenda kwenye redio, tafuta orodha ya simu, ifute yako, na ukiwa hapo futa na za abiria uliowapa lifti mwaka juzi, maana redio ina nafasi chache na zikijaa inakataa mgeni bila kukwambia kwa nini. Zima gari, chomoa ufunguo, fungua mlango. Magari mengine redio haizimi mpaka mlango ufunguliwe. Zima simu kabisa, siyo kuzima kioo. Subiri dakika mbili, unywe maji. Washa vyote, uanzie kuoanisha upande wa redio. Zitatokea tarakimu sita kwenye simu na sita kwenye redio. Zisome. Zikifanana, kubali. Redio za zamani hazioneshi tarakimu sita, zinadai namba ya siri: jaribu 0000, ikigoma jaribu 1234.

Ikishindikana hata hivyo, kwenye simu kuna sehemu ya kuweka upya Wi-Fi na Bluetooth. Haigusi picha wala namba za watu, lakini itasahau nywila zote za Wi-Fi na spika zako zote, kwa hiyo andika nywila kwanza. Na hilo nalo likigoma, huku simu ya jirani inashika vizuri, basi kosa limo ndani ya sasisho lenyewe. Subiri sasisho dogo litakalofuata, na wakati huo tumia waya wa AUX, ule wa kuchomeka simu kwenye redio, wa elfu chache tu.

Nakwambia haya yote kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuumbuka. Mwaka jana kaka mmoja aliniletea Noah yenye malalamiko hayo hayo. Mimi bila kuuliza nikashika kibanio na bisibisi. Saa nane mchana, plastiki imepata moto hadi imelainika, klipu mbili zikaenda, tak, tak. Nikavuta redio nje, nikasafisha soketi ya antena kwa spiriti, chumvi ya bahari hapa kwetu kweli inakula soketi, nikajiona nimepatia. Nikarudisha. Simu yake ikakataa vile vile. Wakati nafunga skrubu ya mwisho mkewe akaja kumfuata, akakaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Redio ikaanza kutoa mawaidha, sauti safi kabisa, kutoka kwenye simu iliyokuwa ndani ya ule mkoba. Sote watatu tukaangaliana. Klipu nimelipa mimi, na hadi leo ile dashibodi inalialia akipita kwenye matuta.

*Fundi mwanangu, habari za kazi. Wanangu walinisasishia simu walipokuja Idi. Sasa nikipigiwa ndani ya gari inatokea namba tupu, jina hakuna. Na mimi namba za watu sizikariri. (Bi mkubwa, Pangani)*

Shikamoo bi mkubwa. Kazi njema. Majina hayakupotea, ila simu imeacha kumpa redio kitabu chake. Ingia pale kwenye jina la gari nilipoeleza juu, uguse ile gia, utaona mstari unaohusu kushiriki anwani na rekodi za simu. Umezimwa, uwashe. Ulipooanishiwa upya simu iliuliza kwa kijitangazo kidogo cha juu ambacho kinakaa kidogo na kuondoka, na walioshika simu bila shaka walikipangusa. Baada ya kuwasha ipe redio dakika chache izisome, hasa kama una majina mengi.

*Fundi, mimi ni kinyume. Simu zinaingia vizuri, muziki hautoki. Na pia simu za WhatsApp zinabaki kwenye simu, hazihamii kwenye gari. (Mwalimu, Makorora)*

Una maradhi mawili, mwalimu, na yote mepesi. Bluetooth siyo bomba moja. Mazungumzo yana njia yake, muziki una yake, majina yana yake, vitufe vya usukani vina yake, na kila moja ina swichi yake. Pale kwenye alama ya gia, mbele ya jina la gari, utakuta Simu imewashwa na Sauti ya maudhui imezimwa. Maudhui maana yake muziki, hotuba, mpira, chochote kisicho simu. Washa.

WhatsApp ni habari nyingine. Kuanzia Android 12, ya mwaka 2021, kila programu lazima iombe ruhusa ya kugusa Bluetooth, na ruhusa hiyo kwenye simu inaitwa "Vifaa vilivyo karibu". Kama simu yako imeruka kutoka 11 kwenda juu, WhatsApp ilikuuliza siku moja ukiwa na haraka, ukakataa. Nenda kwenye programu, WhatsApp, Ruhusa, uikubalie.

*Nauza machungwa, wateja wangu wako Dar. Kabla ya kusasisha simu walikuwa wananisikia vizuri nikiwa barabarani. Sasa wanasema nasikika kama niko ndani ya pipa. Mimi nawasikia vizuri sana. (Muheza)*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, maana sasisho halikuharibu chochote. Limefichua.

Redio za kufunga huja na maiki yake: kijiwaya chembamba chenye kichwa kidogo mfano wa punje ya dengu. Kazi ya fundi ni kukipitisha ndani ya nguzo ya kioo cha mbele na kukibandika karibu na mdomo wako, juu ya usukani au pale kwenye kivuli cha jua. Fundi mwenye haraka hafanyi hivyo. Anakikunja, anakifunga kwa kamba ya plastiki na kukiacha nyuma ya redio, katikati ya waya na vumbi. Nimefungua gari nyingi nikakuta kile kichwa kimelala kwenye sponji kama mtoto mchanga.

Ninavyodhani, zamani swichi ya Simu kwa gari lako ilikuwa imezimwa. Uliongea kwa simu yenyewe, ikiwa imesimama kwenye kishikio. Baada ya sasisho na kuoanisha upya swichi ikajiwasha, mazungumzo yakahamia kwenye redio, na sasa unaongea na ile maiki iliyozikwa. Thibitisha hivi: mpigie mtu ukiwa umeegesha, mwambie asikilize, wewe gonga kwa ukucha. Gonga nguzo, gonga juu ya usukani, gonga uso wa redio. Atakaposema "hapo hapo, unanitoboa sikio", ndipo maiki ilipo. Kuitoa na kuibandika ni kazi ya nusu saa na gundi ya pande mbili. Ukipita Tanga nitakufanyia, uniletee machungwa, siyo hela.

Na ikishakaa pazuri usitegemee usafi wa muziki. Njia ya mazungumzo kwenye redio za zamani huchukua vipimo vya sauti 8,000 tu kwa sekunde, mpya huchukua 16,000. Ndiyo maana redio ile ile inaimba vizuri na kuongea kama simu ya mezani.

*Vitufe vya usukani vimeacha kubadilisha nyimbo na jina la wimbo halionekani. Sauti nayo imekuwa ndogo, nafungua redio hadi mwisho. (Dereva wa utalii, Mapango ya Amboni)*

Sauti kwanza, maana inaweza kuwa ni jambo la sekunde mbili. Muziki ukiwa unapiga, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti cha simu, siyo cha redio. Sasisho hupenda kurudisha sauti ya simu katikati.

Kama siyo hilo, tutaingia jikoni, wenye Android tu. Fungua Kuhusu simu, tafuta Nambari ya muundo, iguse mara saba mfululizo. Simu itakupongeza kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Hongera. Itafunguka orodha ndefu ya Chaguo za wasanidi programu, na humo nataka uguse vitu viwili tu, mkono wako usitembee. Cha kwanza ni "Zima sauti kamili". Hicho kinaitenganisha sauti ya simu na sauti ya redio, kila moja ijitegemee, na redio nyingi za zamani hupona hapo. Cha pili ni toleo la Bluetooth AVRCP. Hizo herufi ndizo njia ya vitufe na majina ya nyimbo. Simu ikisasishwa huweza kuanza kusema kwa toleo jipya, 1.5 au 1.6, redio ya miaka kumi iliyopita ikabaki imeduwaa. Shusha hadi 1.4, ikigoma 1.3. Kisha rudia talaka ya pande mbili na ndoa mpya, kwa sababu redio hukumbuka toleo la mwanzo. Bila hivyo utabadili namba mchana kutwa usione tofauti.

*Muziki unakatakata, hasa tukiwa safari ya Horohoro kwa bibi yao watoto. Mjini mara unakata mara haukati. Simu ilisasishwa mwezi jana. (Baba wa watatu, Raskazone)*

Huyu nilimpigia nikamuuliza swali moja: watoto nyuma wanafanya nini? Wana tableti, anawarushia intaneti kwa hotspoti ya simu yake. Nikamwambia basi nimeshapata.

Bluetooth husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Haikai mahali pamoja, inarukaruka kati ya vijia 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa kelele. Wi-Fi nayo ina makao hayo hayo ya 2.4, na ni jitu kubwa, likikaa linaziba vijia vingi kwa mpigo. Katuni tatu kwa pamoja na muziki wako, kwenye simu moja. Mjini mara nyingi watoto hawaangalii, safari ni fupi. Kwenye mipangilio ya hotspoti hamishia gigahezi 5, ambako sasisho huenda ndiko lilikokutoa. Tableti ya zamani isipoiona, chagua: katuni au muziki wako. Najua nani atashinda.

Toa na simu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Mwili ni maji, na maji yanayanywa masafa hayo.

Walioandika kwamba muziki unazima kabisa kioo kikizima, yenu siyo Bluetooth. Ni kiokoa betri, kimewashwa upya na sasisho, kinailaza programu ya muziki. Tafuta betri kwenye maelezo ya programu hiyo na uiruhusu ifanye kazi bila kikomo.

*Nimenunua IST. Kila nikiwasha kuna dada anaongea Kijapani. Tangu nisasishe simu Bluetooth haishiki na jirani anasema ni yule dada anazuia. (Msomaji, Mabokweni)*

Mwache dada wa watu, hana hatia. Anakwambia kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendokasi huko Japani, na kisanduku chake kimekuja na gari. Kama anakuudhi, fundi atachomoa soketi yake, wala hakuna kitakachoharibika. Wengine huniambia nimwache, wamemzoea.

Ya Bluetooth ni ile ile ya futa huku na huku, ila kwako menyu ni ya Kijapani. Elekeza kamera ya simu nyingine yenye programu ya kutafsiri, itakusomea kioo. Taratibu, na usichomoe kadi ya SD iliyo kwenye redio, maana zile za Kijapani nyingi mfumo wake unasoma humo, na ukiitoa utabaki na kioo cheusi.

Ukiamua kununua kile kidude cha kuchomeka kwenye laita, kinachorusha muziki wa simu kwenda redioni kwa FM, chagua stesheni iliyo chini ya 90. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa 76 hadi 90, redio yako haifiki kwenye 100 hata uisukume.

*Fundi, hivi Bluetooth maana yake nini? Tumebishana bwenini. (Mwanachuo, Tanga)*

Jino la buluu. Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliitwa hivyo. Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel alilipendekeza jina hilo liwe la muda tu wakati kampuni zikitafuta la kudumu. La kudumu halikupatikana. Ile alama ni herufi mbili za zamani za kwao, H na B, zimebebana. Aliyeshinda anunue chapati.

*Nauza Passo yangu, dalali analeta mteja Jumamosi. Redio ina kitu cha kufuta? (Baba, Chuda)*

Ina, kaka, na umeuliza wakati wenyewe. Ndani mna majina yako yote, nani kakupigia na saa ngapi. Kufuta jina la simu peke yake hakutoshi kwa kila redio, tafuta pale pa kurudisha redio kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa ni ya Android, toa kwanza akaunti yako ya Google, la sivyo mteja atakuwa anasoma barua pepe zako akiwa foleni. Futa pia "nyumbani" kwenye ramani.

Kisha kwenye simu yako lisahau gari. Bluetooth hufika mita kumi na zaidi. Usipofuta huku wala huku, huyo mteja akiegesha jirani na baraza lako, simu yako italikimbilia gari lake, na mkeo akipiga atapokelewa na watu wasiomjua. Fanya Ijumaa jioni, injini ikiwa inawaka ili umeme usishuke katikati.